Kimya cha Nusu Saa

Mwaka wa 1951 kamera za Sweden zilinyamaza. Kampuni za filamu zilikuwa zimesimamisha kazi zikilalamikia ushuru wa burudani, na mwelekezi mmoja kijana mwenye watoto wa kulisha na zaidi ya nyumba moja ya kutunza akabaki bila kibarua. Ikaja kampuni ya sabuni. Ingmar Bergman hakuringa. Alitengeneza matangazo 9 ya sabuni iliyoitwa Bris, na ukiyatazama leo unaona mtu aliyekuwa akicheza: kuna mazingaombwe, kuna sinema ndani ya sinema. Kazi ni kazi.

Naanza na sabuni makusudi, manake jina la Bergman linatisha watu. Litaje mbele ya marafiki wanaopenda filamu uone. Mmoja atakunja uso kama umemtajia hesabu za kidato cha nne. Mwingine atasema ati hizo ni filamu za Wazungu wanaotazama nje ya dirisha wakilia. Na si uongo kabisa. Madirisha yapo, machozi yapo. Lakini huyu ni mtu aliyeelekeza zaidi ya filamu 40 kati ya Kris ya 1946 na Saraband ya 2003, na alijua kuchekesha, kutisha, na kuuza sabuni.

Nazipenda filamu zake kwa sababu moja ambayo nitajaribu kuieleza hapa. Katika kitabu cha Ufunuo, Mwanakondoo anapofungua muhuri wa saba, mbingu inakaa kimya kwa muda kama wa nusu saa. Bergman alitoa jina la filamu yake maarufu zaidi hapo. Naona kama kazi yake yote ilikuwa kuishi ndani ya hiyo nusu saa. Mwanzoni aliuliza kwa nini mbingu imenyamaza. Baadaye akateremsha macho, akauliza swali gumu zaidi: mbona sisi, tunaoishi nyumba moja, tumenyamaziana? Ukizitazama filamu zake kwa mpangilio wa miaka unaona swali likishuka polepole kutoka juu hadi mezani. Kwa sisi tuliolelewa kwenye viti vya mbao vya kanisa, tukajua nyimbo zote kwa kichwa kabla ya kujua tunaamini nini, hiyo si safari ya Sweden peke yake.

Nyumba ya mchungaji

Bergman alizaliwa Uppsala tarehe 14 Julai 1918. Baba yake, Erik, alikuwa mchungaji wa Kilutheri aliyepanda ngazi hadi kuhudumu katika jumba la mfalme. Nyumba za namna hiyo tunazijua: wageni kila Jumapili, watoto wenye viatu vinavyong'aa, na kiboko nyuma ya mlango. Bergman anasimulia katika kitabu chake cha kumbukumbu, Laterna magica cha 1987, kwamba makosa yaliungamwa, adhabu ikatolewa, kisha mtoto akaomba msamaha. Anasimulia pia alivyofungiwa kabatini gizani.

Krismasi moja, kaka yake Dag alipewa zawadi ambayo Ingmar aliitamani hadi kulia: mashine ndogo ya kuonyesha picha za sinema. Wakafanya biashara. Ingmar alitoa jeshi lake lote la askari wa bati, akapata mashine. Nadhani hakuna mtoto wa karne ile aliyefanya biashara bora kuliko hiyo.

Zingatia vitu viwili hapo: giza la kabati na mwanga wa ile mashine. Kila mwelekezi ana silaha zake, na za Bergman ndizo hizo.

Macho ya Monika

Alianza kama mwandishi na mkono wa kazi katika kampuni ya Svensk Filmindustri, na miaka ya mwanzo alikuwa akijitafuta. Ukitaka kuona alipojipata, tazama Sommaren med Monika (Kiangazi na Monika) ya 1953. Hadithi ni nyepesi: vijana wawili maskini wa Stockholm wanatoroka na mashua kwenda visiwani, wanapendana, pesa zinaisha, mimba inaingia, mvua inanyesha. Karibu na mwisho, Monika, ambaye ni Harriet Andersson, yuko mkahawani na mwanamume mwingine. Anawasha sigara, anageuka, anatutazama sisi. Macho yake yanakaa kwenye kamera bila kupepesa hadi wewe ndiye unayeona aibu.

Siku hizi kila mtu anaitazama kamera, tena ya simu. Wakati ule ilikuwa mwiko. Vijana wa Ufaransa waliokuja kugeuza sinema hawakuusahau mtazamo huo. Jean-Luc Godard aliusifu kwa maandishi, na katika Les quatre cents coups ya François Truffaut ya 1959, wavulana wanaiba picha ya Monika kutoka ukuta wa jumba la sinema.

Hapo Bergman alishagundua kitu ambacho hatakiacha tena: uso wa mtu, ukiukaribia na ukavumilia, una hadithi ndefu kuliko vita vyovyote.

Mauti anacheza sataranji

Mwaka wa 1957 alitoa filamu mbili ambazo mwelekezi mwingine angezitosheka maisha yote. Ya kwanza ni Det sjunde inseglet, Muhuri wa Saba. Askari wa vita vya msalaba anarudi nyumbani Sweden baada ya miaka 10 na kukuta tauni inamaliza watu. Ufukweni anamkuta Mauti amevaa joho jeusi, uso mweupe kama unga. Askari anaomba wacheze sataranji. Mchezo ukiendelea, yeye anaendelea kuishi. Max von Sydow ndiye askari, Bengt Ekerot ndiye Mauti.

Ilipigwa kwa siku 35 tu, sehemu kubwa studioni nje kidogo ya Stockholm. Wazo la Mauti na sataranji Bergman hakulitunga hewani. Liko kwenye mchoro wa kanisa la Täby, uliochorwa na fundi aitwaye Albertus Pictor mwishoni mwa karne ya 15. Baba yake alikuwa akienda kuhubiri makanisa ya vijijini, na mtoto aliyechoka na mahubiri angefanya nini kama si kukodolea macho dari na kuta?

Niliitazama mara ya kwanza mwaka wa 2020, kafyu ikiwa imetufungia ndani. Watu wanapita kwenye filamu wakijichapa mijeledi ili Mungu aondoe tauni, msichana anachomwa kwa kuwa eti ameleta ugonjwa, na wengine mkahawani wanapigana vijembe kana kwamba hakuna kinachoendelea. Sikuhitaji mtu anitafsirie.

Kinachonirudisha kwenye filamu hii si Mauti, ingawa ndiye anayechorwa kwenye fulana. Ni dakika chache kilimani, askari akiwa ameketi na familia ya wasanii maskini wa barabarani, Jof na Mia, na mtoto wao. Wanampa bakuli la maziwa na stroberi. Mtu aliyezunguka dunia akidai Mungu ampe jibu anashika bakuli kwa mikono miwili na kusema atakumbuka saa hii. Baadaye anaangusha vipande vya sataranji makusudi, Mauti ashughulike navyo wakati ile familia inatoroka. Mbingu haijamjibu. Yeye ameokoa watu watatu.

Filamu ya pili ya mwaka huo ni Smultronstället, Mahali pa Stroberi za Mwituni. Kwa Kiswidi jina hilo pia humaanisha ile sehemu yako ya siri unayoipenda. Profesa wa udaktari mwenye miaka 78 anasafiri kwa gari kutoka Stockholm hadi Lund kupokea heshima ya chuo kikuu, na njiani anakutana na maisha yake yote: ndoto, jamaa waliokufa, vijana wanaoomba lifti, na mke wa mwanawe anayemwambia usoni kwamba yeye ni mbinafsi aliyejificha nyuma ya adabu.

Profesa anaigizwa na Victor Sjöström, na hapo pana historia nzima. Sjöström ndiye baba wa sinema ya Sweden. Filamu yake ya kimya Körkarlen ya 1921 Bergman aliitazama tena na tena maisha yake yote. Bergman alipokuwa kijana mkorofi anayegombana na kila mtu studioni, mzee huyu ndiye aliyemshika bega na kumshauri. Sasa mwanafunzi alikuwa akimwelekeza mwalimu, ambaye sharti lake kubwa lilikuwa jioni arudi kwa wakati kwa glasi yake ya whisky. Sjöström alifariki Januari 1960. Filamu ilishinda Dubu wa Dhahabu kule Berlin mwaka wa 1958, lakini tuzo kwangu ni ule uso wa mzee mwishoni, akiwaona wazazi wake ng'ambo ya maji.

Ibada ya watu wachache

Kama nikilazimishwa kubaki na filamu moja ya Bergman, nitachagua ambayo wengi huiruka. Nattvardsgästerna, yaani Washiriki wa Meza ya Bwana, ya 1963. Ni dakika 80 na kidogo, nyeusi na nyeupe, na karibu yote inatokea Jumapili moja ya baridi kati ya adhuhuri na saa tisa alasiri.

Mchungaji Tomas ana mafua. Kanisa lina watu wa kuhesabu kwa vidole. Baada ya ibada mvuvi mmoja, Jonas, anamjia na mkewe. Jonas amesoma gazetini kuhusu Uchina na bomu la atomiki, na tangu siku hiyo hawezi kulala. Anahitaji neno moja la kumshikilia. Tomas, badala ya kumpa neno, anaanza kujieleza yeye: imani yake ilivyokufa, Mungu wake alivyonyamaza. Mvuvi anaondoka. Muda si mrefu wanakuja kusema amejipiga risasi kando ya mto.

Mwanamume anakuja kwa mchungaji na hofu, na mchungaji anampa hofu zaidi. Sijawahi kuona sinema ikieleza hivyo hatari ya mtu kujiangalia tu. Na Bergman hamchapi Tomas kiboko. Gunnar Björnstrand anamwigiza kama mtu mgonjwa, mchovu, anayeogopa ukimya kuliko kifo.

Bergman na mpiga picha wake, Sven Nykvist, waliketi makanisani kwa saa nyingi wakisoma mwanga wa majira ya baridi unavyosogea ukutani bila kuacha vivuli. Walitaka mwanga ambao hauchukui upande wa mtu. Ndani ya mwanga huo Ingrid Thulin, ambaye ni Märta, mwalimu asiyeamini Mungu lakini anampenda Tomas, anasoma barua yake akitutazama sisi moja kwa moja kwa dakika kadhaa. Anasema aliyokaa nayo miaka. Ni uso tu, na huwezi kubanduka.

Kisha, karibu na mwisho, mtumishi wa kanisa anayeitwa Algot, mlemavu wa mgongo anayeishi na maumivu kila siku, anamwambia mchungaji jambo alilowaza akisoma Injili. Anahisi tunazungumza mno kuhusu misumari. Maumivu ya mwili, anasema kwa unyenyekevu, hata yeye anayo, na ya Yesu yalidumu saa chache. Kilichokuwa kibaya zaidi ni wanafunzi kusinzia, kukimbia, kumkana, kisha pale juu kuita na kutosikia kitu. Mtu mdogo kabisa kanisani ndiye mwenye mahubiri ya siku.

Filamu inaisha kanisa la pili likiwa tupu, Märta peke yake kitini. Kengele zinalia. Tomas angeweza kwenda nyumbani alale. Anasimama na kuanza ibada.

Mwisho huo una asili yake. Katika Laterna magica Bergman anasimulia kwamba alipokuwa akiandaa filamu alizunguka makanisa ya Uppland na baba yake, mzee tayari. Jumapili moja mchungaji wa mahali alifika amechelewa, akatangaza kwamba ni mgonjwa na ibada itakuwa fupi, bila Meza ya Bwana. Mzee Erik akanyanyuka kitini, akaenda chumba cha nyuma, akavaa joho, akaongoza ibada kamili yeye mwenyewe. Bergman anasema hapo alipata mwisho wa filamu yake, na kanuni ya kuishi nayo: fanya ibada yako, liwe liwalo.

Nafikiri kisa hiki ni kikubwa kuliko filamu. Huyu ndiye baba wa kiboko. Mwanawe alikuwa amemkasirikia hadharani kwa miongo miwili. Na bado alikaa kwenye benchi, akamwona mzee akifanya jambo zuri, akaliandika. Kuna wengi wetu tunaodai wazazi wetu mengi, na tunadai kwa haki. Kuwaona vizuri licha ya deni ni kazi nyingine kabisa.

Baada ya Mungu, jirani

Mwaka huohuo wa 1963 ikatoka Tystnaden, Kimya. Dada wawili na mtoto mmoja wako hotelini katika nchi ambayo lugha yake hakuna anayeijua; vifaru vinapita barabarani. Mungu hatajwi karibu kabisa. Badala yake kuna milango, pumzi za mgonjwa, na mapenzi ya mwili yaliyoonyeshwa wazi kuliko Sweden ilivyozoea. Bodi ya ukaguzi iliipitisha bila kukata, na kelele zikazuka magazetini na bungeni. Watu wakajazana kwenye sinema, wengine wakifuata ngono. Walichokuta ni dada wawili ambao hawawezi kupeana hata glasi ya maji kwa upendo.

Mwaka wa 1965 Bergman alilazwa hospitali ya Sophiahemmet na nimonia, na kitandani akaandika Persona. Ilitoka 1966. Mwigizaji maarufu, Elisabet Vogler, ananyamaza katikati ya mchezo jukwaani na hasemi tena. Nesi kijana, Alma, anapelekwa kukaa naye kwenye nyumba ya pwani. Alma anaongea, anaongea, anamwaga siri za moyo. Elisabet anasikiliza tu. Halafu Alma anagundua kwamba yule msikilizaji amekuwa akimchunguza na kumwandika kwenye barua. Ukimya unaweza kuwa wizi.

Liv Ullmann ananyamaza, Bibi Andersson anaongea, na katika picha moja ambayo hata wasiojua filamu wameiona mahali, nusu ya uso wa mmoja inashonwa na nusu ya uso wa mwingine. Sitajifanya naweza kuieleza yote. Nitasema tu kwamba Elisabet, peke yake chumbani, anaona kwenye runinga mtawa akijichoma moto Vietnam na kurudi nyuma hadi ukutani. Na baadaye anaikodolea picha ya mvulana wa Kiyahudi kule Warsaw, mikono juu mbele ya bunduki za Wanazi.

Ile picha ya mvulana ina uzito wa pekee. Bergman aliandika wazi kwamba akiwa kijana wa shule miaka ya 1930 alipelekwa Ujerumani kwa likizo, akaenda na familia ya mwenyeji wake kumsikiliza Hitler, akainua mkono na kushangilia kama wengine, na kwa miaka akabaki upande huo. Picha za kambi za mauaji zilipotoka baada ya vita, ndipo akaelewa alichokuwa anashangilia. Sitaki kulipunguza hilo ili nimpende kwa raha. Wala sitaki kusahau kwamba tunajua kwa sababu alisema. Kuna pia wanawake: alioa mara tano, alikuwa na watoto tisa, na mara nyingi kazi ilishinda nyumba. Alijua anachokiandika alipoandika kuhusu watu wanaowanyamazia wanaowapenda.

Aliyeshika mgonjwa

Kumbuka ule ushuru wa burudani wa 1951. Mwaka wa 1963 Sweden iliufuta, ikaweka utaratibu mpya: asilimia 10 ya bei ya kila tiketi ya sinema iende kwenye Taasisi ya Filamu ya Sweden, isaidie filamu nzuri. Serikali iliyowahi kufunga mdomo wa sinema ikaanza kuilisha. Bergman alipotaka kutengeneza Viskningar och rop, Minong'ono na Mayowe, aliunganisha msaada wa taasisi hiyo na akiba yake mwenyewe, na waigizaji wakuu wakaacha mishahara yao ndani kama hisa. Yaani hata Bergman alichangisha.

Ilitoka 1972 na ni nyekundu. Kuta nyekundu, zulia jekundu, hata picha zinapofifia zinaishia kwenye wekundu. Alisema tangu utotoni aliiwaza nafsi ya mtu kwa ndani kuwa na rangi hiyo. Agnes anakufa kwa saratani katika nyumba kubwa ya familia. Dada zake wawili wamekuja. Wamevaa vizuri, wanafanya yote yanayotakiwa, na hawawezi kumgusa. Anayepanda kitandani, akafungua kifua na kumkumbatia mgonjwa kama mama na mtoto, ni Anna, mjakazi.

Shosho yangu aliugua muda mrefu kabla ya kutuacha. Familia yetu ni kubwa na ilijitokeza: kikundi cha WhatsApp, mchango, kamati, zamu za maombi. Aliyemgeuza kitandani usiku, aliyejua shosho anataka uji uwe mwepesi kiasi gani, alikuwa dada aliyeajiriwa kwa kazi za nyumba. Kwenye kijitabu cha mazishi majina yalijaza kurasa. La kwake halikuwepo. Nilipoona wale dada wa filamu, mazishi yakiisha, wakijadili kama Anna apewe kumbukumbu fulani kisha wakimwachisha kazi, ilibidi nisimamishe picha. Bergman alitengeneza hilo kuhusu jumba la matajiri wa Sweden, na bado najua harufu ya chumba kile.

Anna anabaki na shajara ya Agnes. Anaifungua, na filamu inatupeleka kwenye siku moja bustanini, dada wote watatu kwenye bembea, mgonjwa akiwa na furaha ya dakika chache na kushukuru kwa hizo. Nykvist alipata Oscar kwa kamera yake. Anastahili hata kwa bembea peke yake.

Mezani, kitandani, nyumbani

Mwaka uliofuata aliingia kwenye runinga na tamthilia ya vipindi sita, Scener ur ett äktenskap, Matukio ya Ndoa Moja. Liv Ullmann na Erland Josephson ni Marianne na Johan, wasomi, wenye kazi nzuri, wanaohojiwa na gazeti kama mfano wa ndoa njema. Kisha mume anakuja jioni moja na kusema anaondoka na mwanamke mwingine, kesho asubuhi. Hakuna Mauti, hakuna mnara wa kanisa. Ni meza, kitanda na taa. Kama unapenda mifululizo, anzia hapa. Yule anayeulizia soksi na koti la safari wakati ndoa inaporomoka utamtambua.

Tarehe 30 Januari 1976 polisi walimchukua akiwa mazoezini katika ukumbi wa kitaifa wa michezo ya kuigiza, wakimshuku kuhusu kodi. Kesi ilikufa, lakini yeye alivunjika, akalazwa, kisha akahamia Munich. Aliporudi kupiga filamu kubwa nyumbani, alirudi Uppsala ya utoto wake: Fanny och Alexander, 1982. Toleo la sinema lina zaidi ya saa tatu, la runinga zaidi ya saa tano. Chukua la runinga, upike chapati, ualike watu. Linaanza na Krismasi ya familia ya wasanii wa jukwaa mwaka wa 1907, kelele, chakula, wajomba wenye mambo ya ajabu. Baba anafariki. Mama anaolewa na askofu, na watoto wanahamia nyumba ya kuta nyeupe, kiboko na chumba cha giza.

Unaona? Lile kabati limerudi. Ila sasa mtoto Alexander ana hadithi zake za kumpigania, na mzee Isak, mfanyabiashara Myahudi, anawatoa watoto ndani ya kasha kama mazingaombwe. Askofu anakufa. Mambo yanatulia. Halafu mzimu wake unamwangusha Alexander sakafuni na kumwambia hataachana naye. Bergman alikuwa na miaka 64. Alikuwa amesamehe mengi, na bado alijua mwili unakumbuka. Filamu ilipata Oscar 4.

Akasema amemaliza, lakini hakumaliza. Aliendelea na jukwaa, akaandika, akaishi kisiwani Fårö, ambako alifika mara ya kwanza mwaka wa 1960 akitafuta mahali pa kupigia Såsom i en spegel. Huko ndiko alikofia tarehe 30 Julai 2007, na huko ndiko alikozikwa.

Filamu yake ya mwisho, Saraband ya 2003, inawarudisha Marianne na Johan miaka 30 baadaye. Ina hasira za wazee, na baba anayemshikilia bintiye hadi kumnyima pumzi. Karibu na mwisho Marianne anasimulia alivyokwenda kumtembelea binti yake mwenyewe, Martha, ambaye ugonjwa umemfungia ndani kabisa, haongei na mtu. Anamvua miwani, anamshika uso. Binti anafumbua macho. Marianne anasema alihisi kwamba, kwa mara ya kwanza, anamgusa mtoto wake.

Askari wa 1957 aliinua macho akitaka neno kutoka juu, na nusu karne baadaye mwelekezi yuleyule anamalizia na mkono kwenye shavu. Kama mbingu ilijibu au la, Bergman hakuwahi kutuambia. Alituonyesha tu cha kufanya wakati tunangoja.